Paka wa Jirani na Bustani Yangu

Jioni hii nataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo wengine watalicheka. Nami siwakatazi, maana mimi mwenyewe nalilicheka lilipokuwa la mtu mwingine. Jambo lenyewe ni hili: mtu ana bustani yake ndogo nyuma ya nyumba, ameilima kwa mikono yake, ameitia samadi na kuimwagilia maji, na kila kukicha hukuta paka wa jirani wameifanya choo.

Labda mtu atauliza, "Je, hili nalo ni la kusemwa mbele ya watu wengi?" Namjibu ya kuwa ugomvi wa mitaani mara nyingi hauanzi kwa mambo makubwa. Huanza kwa maji machafu yaliyomwagwa mbele ya mlango, au kwa kuku aliyedonoa mtama wa watu, au kwa paka. Mwanzo wake ni mdogo hata watu huona haya kuutaja, na kwa kuwa huona haya kuutaja, hawauponyi. Nao hukaa moyoni ukakua. Basi afadhali tuutaje.

Nitaanza na habari yangu mwenyewe, wala si habari ya kujisifu.

Nakaa katika kisiwa cha Mombasa, katika mtaa ambao nyumba zake zimesongana na njia zake ni nyembamba. Nyuma ya nyumba yangu pana ua mdogo, nao una mawe ya matumbawe kuliko udongo. Mwaka mmoja, mvua za vuli zilipopungua, nalinunua mikokoteni minne ya udongo mzuri, nikatengeneza vitalu vitatu. Katika kimoja nalipanda mchicha, katika cha pili kotmiri na pilipili, na cha tatu bilingani. Mchicha ulipoanza kuchipua nilikuwa nikiamka alfajiri kwenda kuutazama, kama mtu atazamaye mtoto aliyelala.

Siku ya tano nalikuta kitalu kimefukuliwa. Miche imeng'olewa na kutupwa kando, na katikati pana kichuguu kidogo cha udongo. Nami nilipokigusa kwa kijiti, harufu ikanijulisha kilichomo. Nikasafisha, nikapanda tena. Kesho yake, vivyo hivyo. Ikawa hivyo juma zima. Usiku mmoja nalikesha dirishani, nikamwona paka wa rangi ya majivu akishuka kutoka ukuta wa jirani yangu, mama mmoja mtu mzima, mjane, ambaye riziki yake ni kutengeneza achari na kuiuza. Paka akachimba, akageuka, akamaliza haja yake, akafukia kwa adabu kabisa, akaondoka.

Asubuhi nalishika koleo. Nikauchota ule uchafu, na kwa hasira nikautupa juu ya ukuta, urudi ulikotoka. Sikuona ulipoanguka, walakini nalisikia. Yule mama alikuwa ameanika embe zake za achari juani katika nyungo mbili, na uchafu wangu ukaanguka juu ya embe.

Hakupiga kelele. Nalisikia sauti yake nyuma ya ukuta ikisema, "Mwanangu, embe hizi nalitaka kuziuza." Kisha nikasikia mlango ukifungwa. Tangu siku ile nyumba zetu mbili hazikusalimiana muda wa miezi mitatu. Nikimwona njiani, hutazama chini. Akiniona yeye, huvuta buibui lake. Na paka je? Paka hawakuacha kuja hata usiku mmoja.

Wasikilizaji, nitarudi katika habari hiyo. Kwanza natukumbushe paka ni mnyama gani, maana mtu asiyejua tabia ya mnyama hushindana naye bure.

Paka wa nyumbani atokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati. Urafiki wake nasi ni wa kale sana: katika kisiwa cha Kupro, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mifupa ya paka aliyezikwa karibu na kaburi la mtu, na umri wake ulikisiwa kuwa miaka 9,500, habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004. Watu walipoanza kuhifadhi nafaka, panya walizifuata nafaka, na paka wakawafuata panya. Wala faida hiyo si ndogo. Mwaka 1898 daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond, alionyesha huko Karachi ya kuwa ugonjwa wa tauni huletwa kwa watu na viroboto vya panya. Nairobi, mji ulipokuwa ungali mchanga, ulipatwa na tauni mwaka 1902. Basi wazee wetu wa pwani waliostahi paka katika majahazi na maghala hawakuwa wapumbavu. Paka akiondoka, panya hutawala.

Walakini paka ana desturi nyingine aliyorithi kwa wazee wake wa jangwani. Apendapo kwenda haja hutafuta udongo mkavu, mwororo, usio na kitu juu yake, ili achimbe na kufukia. Sasa fikirini: ni wapi katika mtaa wa mawe na saruji palipo na udongo mwororo uliolainishwa kwa jembe, usio na majani? Ni katika kitalu kilichopandwa jana. Paka hafanyi hivyo kwa ufidhuli, wala hakutumwa na mwenyewe. Sisi wenyewe tumemtengenezea choo kizuri kuliko vyote mtaani, kisha twamkasirikia kwa kukitumia. Tena akiisha kufanya haja mahali, harufu hubaki, na harufu hiyo humwita kurudi, yeye na wenziwe.

Basi, je, tuache tu? La, haifai. Uchafu wa paka si jambo la pua peke yake, ni jambo la afya. Nitataja madhara matatu.

Dhara la kwanza ni la kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho, kiitwacho kwa jina la kitaalamu Toxoplasma gondii. Kiligunduliwa mwaka 1908 mjini Tunis na Charles Nicolle na Louis Manceaux, katika mnyama mdogo wa jamii ya panya. Walakini haikujulikana mpaka karibu na mwaka 1970 ya kuwa paka ndiye akitoaye katika choo chake. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi. Kwa kawaida hukitoa kwa muda wa juma moja mpaka matatu tu, na mara nyingi ni mara moja katika maisha yake. Mbegu za kimelea hicho hazidhuru siku ile ile zitokapo. Hupata nguvu baada ya siku 1 hata 5. Zikiisha kupata nguvu, huweza kukaa katika udongo wenye unyevu miezi mingi, hata kupita mwaka. Mtu hukipata kwa mikono yenye udongo, au kwa mboga zisizooshwa vema. Tena, wala tusisahau, kwa kula nyama isiyoiva sawasawa.

Watu wengi wenye afya wakiambukizwa hawasikii kitu, au husikia homa ndogo ikapita. Hatari ni kwa mwanamke mwenye mimba anayeambukizwa kwa mara ya kwanza wakati ule, maana kimelea huweza kumfikia mtoto tumboni, kikaharibu mimba, au kikadhuru macho na ubongo wa mtoto. Kadhalika ni hatari kwa mtu ambaye nguvu za mwili wake za kujikinga zimedhoofika.

Dhara la pili ni la minyoo aina ya safura ya paka na mbwa. Mayai yake huanguliwa mchangani, na vijana vya minyoo hupenya ngozi ya mguu mtupu, vikatambaa chini ya ngozi na kuacha mstari mwekundu uliopindapinda, wenye kuwasha sana. Watoto wetu wachezao mchangani bila viatu ndio wapatwao zaidi. La tatu ni la minyoo mirefu ya tumboni mwa paka, ambayo mayai yake hukaa udongoni. Na mtoto mdogo, kama mjuavyo, hula udongo. Kwa hiyo msidhani ya kuwa choo cha paka ni samadi kama cha ng'ombe au mbuzi. Hakifai kabisa kutiwa katika bustani ya mboga.

Sasa narudi nyumbani kwangu. Miezi mitatu ilipokwisha, binti yangu alikuja kwetu kujifungua mimba yake ya kwanza, kama ilivyo desturi. Naye hupenda bustani kama mimi; kila jioni alikuwa akipalilia mchicha kwa mikono mitupu. Alipokwenda kliniki, mkunga akamwuliza kama hufanya kazi ya udongo, na kama kuna paka. Damu yake ilipopimwa ikaonekana kwamba hajapata kuambukizwa kamwe. Na hii, wasikilizaji, si habari ya kustarehe, maana asiyepata kuambukizwa hana kinga. Mkunga akamwambia, "Usiguse tena udongo ule mpaka ujifungue, na kama huna budi, vaa glavu, kisha nawa kwa sabuni."

Usiku ule sikulala. Hasira yangu iligeuka kuwa hofu, na hofu ni mshauri mbaya kuliko hasira. Asubuhi nalikwenda dukani nikanunua sumu ya panya, na dagaa wa kuichanganya. Nalikuwa nimekaa uani na vitu hivyo mbele yangu, mke wangu akaja akasimama. Hakunilaumu. Aliniuliza neno moja tu: "Utamwambiaje dagaa asiliwe na mwingine?"

Nikamfahamu. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Sumu haina macho. Italiwa na paka, lakini italiwa pia na kuku wa mtu, au itashikwa na mtoto apitaye. Na paka aliyekula sumu hafi hapo ulipomtegea, huenda akafia katika kisima au chini ya kitanda cha mtu. Tena ni kosa mbele ya sheria. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Na Tanzania Bara ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Naliifukia sumu ile mbali, ndani sana, nikavaa kanzu yangu, nikachukua kikapu cha embe mbichi nilizozinunua sokoni, nikaenda kupiga hodi kwa jirani.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikaweka kikapu chini, nikamwomba radhi. Akanitazama kwa kitambo, kisha akasema, "Embe zile nalizisamehe siku ile ile. Lililoniuma ni kwamba hukupiga hodi. Mlango wangu u hatua saba kutoka mlango wako, nawe ukapita juu ya ukuta."

Sikuwa na jawabu. Akaendelea: "Na paka wenyewe, mmoja ndiye wangu, yule mwekundu mzee, naye hana nguvu ya kupanda ukuta. Wengine wote ni mashume ya mtaa. Huwapa makombo nikiwaona, maana sipendi kumwona mnyama na njaa. Lakini nikuulize, matumbo ya samaki yatupwayo pale pembeni mwa njia kila magharibi, hutupwa na nani?"

Nikainamisha kichwa, maana yalikuwa yakitupwa na nyumba yangu.

Mabibi na mabwana, siku ile nalijifunza ya kuwa sehemu kubwa ya yale niliyoyaita makosa ya jirani ilikuwa yangu. Sisi sote mtaani tulikuwa tukiwaita paka kwa karamu ya matumbo na vichwa vya samaki, kisha kila mmoja akastaajabu wajapo kutafuta choo. Sasa nitawaeleza tuliyoyafanya, nanyi mchague yafaayo kwenu.

La kwanza, tuliondoa karamu. Takataka za samaki hutiwa katika pipa lenye kifuniko, wala hazitupwi njiani. Palipo na chakula ndipo wakaapo paka.

La pili, kila kilichoachwa kitaluni huondolewa siku ile ile. Kumbukeni nilivyosema: mbegu za kimelea huhitaji siku moja au zaidi kupata nguvu, basi aondoaye uchafu kila siku ameikata hatari kabla haijakomaa. Vaa glavu, tumia koleo dogo, ufunge uchafu katika karatasi na kuutupa pamoja na takataka, kisha unawe kwa sabuni. Mwenye mimba asifanye kazi hii, afanye mwingine. Udongo wa mahali pale umwagie maji mengi ili harufu ipungue.

La tatu, usimwachie paka udongo mtupu. Hili ndilo lililonifaa kuliko yote. Ukiisha kusia mbegu, tandaza juu ya kitalu wavu wa kufugia kuku, uubane kwa vigingi. Miche itapenya katika matundu, na paka hawezi kuchimba. Ukikosa wavu, weka fito nyembamba za kupishana kama jamvi, nafasi kati ya fito isizidi upana wa vidole vinne. Kando ya vitalu panga vipande vya vifuu, kokoto zenye ncha, au matawi yenye miba ya mkunazi au mlimau. Panda mimea kwa kukaribiana, ili majani yafunike udongo upesi. Na umwagilie jioni, maana paka hapendi kutia miguu katika tope.

La nne, ukimnyima mnyama mahali, mpe mahali pengine. Jirani yangu alitenga pembe tulivu ya ua wake, akaweka sanduku pana la mbao lenye mchanga mkavu, kina chake kama shibiri moja. Siku za kwanza tulitia humo kidogo cha udongo uliotoka kitaluni kwangu, ili harufu iwaelekeze. Hazikupita siku nyingi paka waliligundua. Yeye hulisafisha asubuhi, na siku asizoweza, mwanangu wa kiume huenda kumsaidia. Neno moja la hadhari: sanduku lisiposafishwa, paka huliacha na kurudi bustanini, tena mchanga huo ufunikwe au uwekwe mbali na mahali pa watoto kuchezea.

La tano ni juu ya harufu. Watu wengi husifu maganda ya machungwa na ndimu, na masimbi ya kahawa. Nimeyajaribu. Paka wengine huyachukia, wengine huyazoea kwa siku tatu; na mvua ikinyesha, kazi imepotea. Si vibaya kuyatumia, ila usiyategemee peke yake. Lakini nawasihi msitumie vidonge vya nondo viwekwavyo katika makabati ya nguo, maana ni sumu kwa paka na kwa mtoto avidhaniaye peremende. Wala msimwage mafuta ya taa, maana yaua mimea na kuharibu udongo. Wala msimmwagie mnyama maji ya moto. Maji baridi kidogo yatosha kumfukuza.

La sita ni la muda mrefu, nalo ndilo mzizi. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne au mitano. Huichukua kiasi cha majuma tisa, na huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, kila mara watoto wawili, watatu, wanne au zaidi. Ukimwondoa paka mmoja na kumtupa mtaa wa pili, umempelekea mwenzio taabu yako, na papo hapo mwingine atakuja kushika nafasi yake. Dawa iliyo bora ni kuwapeleka kwa daktari wa mifugo wafungwe uzazi na kuhasiwa, kisha kurudishwa mahali pao. Hivyo ndivyo ifanywavyo katika miji mingi ya dunia, na mara nyingi paka aliyekwisha kutengenezwa hukatwa ncha ndogo ya sikio, apate kujulikana. Dume aliyehasiwa hupungua kutangatanga na kurusha mkojo wake kutani. Mtaani kwetu tulichanga, kila nyumba kwa uwezo wake, tukawatengeneza watano. Ilituchukua muda, na ilitugharimu. Lakini hatujaona tena watoto wa paka wakilia usiku chini ya ngazi.

Hapa naongeza onyo. Msimkamate paka asiye na mwenyewe kwa mikono mitupu. Paka, kama mbwa, huweza kuwa na kichaa. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, na aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona itakuwaje. Ugonjwa huo dalili zake zikiisha kuonekana, karibu hauponyeki kabisa.

Nimesema habari za udongo, wavu na mchanga. Sasa niseme neno juu ya jirani, maana vyote hivyo ni kazi bure kama mlango kwa mlango hapana maneno.

Uendapo kumwambia jirani juu ya paka wake, usiende asubuhi ile ile ulipokuta uchafu. Ngoja hasira ishuke; hasira hasara. Usiende na ushahidi mkononi, wala usiseme mbele ya watu njiani. Ukifika, salimu, uulize hali, ukae kitako kama umekaribishwa. Usiseme, "Paka wako wanaharibu mali yangu." Sema, "Nina taabu katika bustani yangu, nimekuja tushauriane." Neno la kwanza humfanya mtu mshtakiwa, na mshtakiwa hujitetea, neno la pili humfanya mshauri, na mshauri hutafuta njia. Kisha uende nawe umeshika kitu unachoweza kukifanya wewe, si lile utakalo yeye afanye tu. Na kama hakusikia mara ya kwanza, mtafute mzee wa mtaa aaminiwaye na nyumba zote mbili, kabla ya kufikiri habari za baraza au polisi.

Na wewe mwenye paka, nawe nina neno kwako. Usicheke uambiwapo. Usiseme, "Paka hana mpaka." Ni kweli hana mpaka, walakini wewe unao. Katika pwani yetu twajua ya kuwa mabaki ya maji aliyonywa paka si najisi. Lakini choo chake hakuna aliyesema ni safi. Ukimpenda mnyama, mtengenezee choo, mpe dawa ya minyoo, mfunge uzazi. Kumlisha tu na kuwaachia wengine yaliyosalia si kumpenda paka, ni kuwatwika majirani.

Mwisho nitawaambia hali ilivyo sasa, wala sitaitia chumvi. Paka hawajaisha mtaani kwetu, wala hatukutaka waishe. Mara moja moja, nisipowahi kutandaza wavu, hukuta kichuguu changu asubuhi kama zamani. Lakini siku zilizo nyingi hukuta mchicha. Binti yangu alijifungua salama, mtoto wa kike. Na mtu wa kwanza kupiga hodi alfajiri ile, kabla hata ndugu zetu hawajapata habari, alikuwa yule mama, na chupa ya achari mkononi. Wazee hawakukosea waliposema, afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu aliye mbali.

Ukuta baina yetu ungalipo, nao wafaa kuwapo, maana kila mtu apenda sitara yake. Ila tangu siku ile, nikiwa na neno, huzunguka njiani zile hatua saba, nikapiga hodi.